UZI: Nyumba ya wageni, mashua na karakana ya nakshi za ukoo mmoja, websaiti iwe moja au kila mtu na yake?

Mtoto wa Mkomani (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau, poleni na majukumu. Naleta jambo ambalo limekalia familia yetu tangu mfungo uishe na nimeona tulijadili kwa kirefu maanake si letu peke yetu, hapa Lamu karibu kila ukoo una biashara mbili tatu zinazotegemeana na kila moja ilifunguliwa websaiti na kijana tofauti wakati tofauti, na sasa hakuna anayejua paswedi iko kwa nani.

Hali iko hivi. Ami yangu ana nyumba ya wageni hapa Mkomani, nyumba ya mawe ya kizamani yenye zidaka zake na juu kumeezekwa makuti. Mwanawe mkubwa ana mashua, anapeleka watu Manda Toto kutazama samaki, Takwa kwenye magofu, na ile safari ya jioni ya jua likitua. Wa pili ni seremala, ana karakana ya milango ya nakshi, masanduku, viti vya enzi na vitanda. Websaiti ziko tatu. Ya nyumba ndiyo kongwe, imetajwa na wasafiri wengi kwenye blogu zao na mpaka leo watu wanaingia kupitia huko. Ya mashua ni kurasa mbili na picha zilizopigwa haraka jetini. Ya karakana ina picha nzuri sana lkn bei zake ni za zamani na hakuna anayezigusa. Hostingi tatu (pale websaiti inapohifadhiwa kwa kulipia), domeini tatu za .co.ke (jina la anwani yenyewe), kila moja inaisha mwezi wake, na haupiti mwaka bila moja kuzimika siku kadhaa kabla mtu hajakumbuka kulipa.

Ami anasema hawa ni watoto wa baba mmoja, zote ziwekwe chini ya jina la nyumba na gharama ipungue. Seremala hataki kusikia. Mwenye mashua anasema kwake lolote sawa. Mimi ndiye nimepewa kazi, na mwezi wa saba wageni wanaanza kurudi kwa hivyo lazima tuamue.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tunakosea tukianza kuuliza wenye biashara ni nani kwa nani. Tuulize mteja ni mmoja au ni wawili. Mgeni wa nyumba akishuka uwanja wa ndege yuko Manda, bado ana maji mbele yake, swali lake la kwanza kabisa ni ntavuka vipi mpaka Lamu, la pili ni kesho tunaenda wapi. Huyo ni mteja mmoja, safari moja, mazungumzo mamoja, kumrusha kwenye websaiti nyingine ili abuku mashua ni kumsumbua tu. Sasa mtazame anayenunua mlango. Ni msanifu wa majengo yuko Nairobi, au mtu anajenga Nyali, au mwenye hoteli Diani. Anataka kujua upana wa fremu, mbao gani, wiki ngapi, na mlango utafungwaje ili upande lori kule bara Mokowe ufike bila kugongwa. Pengine hatakanyaga Lamu maishani. Ukimpitisha kwenye picha za kiamsha kinywa na vyandarua kwanza ataona hili ni duka la vinyago vya watalii na bei atakayotaja itakuwa ya vinyago.

Na hili si la kufikiria, nililiona kwenye simu. Websaiti ya karakana ilikuwa na namba ya WhatsApp ya upande wa mashua kwa sababu ndiyo iliyokuwa na bando kila siku. Mtu kaandika vizuri, anataka mlango wa futi saba kwa nne na nusu, mbao ya mbambakofi, mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) uchongwe na fremu pia, kauliza bei na muda. Kijana wa mashua yuko kazini, kajibu jibu analowajibu watu wote: karibu sana, tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mje na kofia na maji ya kunywa. Yule mtu hakuandika tena. Mlango wa namna hiyo ni kazi ya wiki nyingi za fundi na wanafunzi wake, umeondoka hivyo.

Kwa hivyo pendekezo langu ni nyumba na mashua ziungane, karakana ibaki na jina lake na namba yake. Nipingeni kwa hoja.

Langoni Juu

Waaleikum salaam. Mimi niko upande wa ami yako. Hizi ni biashara ndogo yakhe, si kampuni yenye idara. Nani atakaa kuandika kwenye websaiti tatu? Moja ikikosa kuguswa miaka mgeni anaona tarehe za zamani anadhani pamefungwa. Alafu upande wa Google, linki zote zile ambazo nyumba imezikusanya zingesaidia pia mashua na karakana zikiwa ndani ya domeini hiyohiyo, ukitenganisha kila moja inaanza kutambaa upya. Websaiti moja yenye nguvu ni bora kuliko tatu dhaifu.

Na umesahau kitu kimoja. Mgeni analala kwenye kitanda kilichochongwa na mwana wa mwenye nyumba, anaamka anapapasa ule mti, anauliza hiki chauzwa wapi. Huyo mteja wa kitanda umempata ndani ya nyumba. Sasa unasema wateja ni wawili, vipi?

Mtoto wa Mkomani (mleta uzi)

Langoni Juu umenena na hiyo ya kitanda ni kweli kabisa hutokea. Lkn tazama huyo mgeni yuko wapi anapouliza, yuko chumbani na karakana iko mwendo wa dakika chache kwa miguu, atapelekwa. Kwa huyu inatosha ukurasa mmoja ndani ya websaiti ya nyumba wenye picha za samani za vyumbani na linki ya kwenda karakana. Linki haina gharama. Ila huwezi kuijenga biashara yote ya milango juu ya mgeni aliyelala, anayelisha ile karakana ni wa mbali.

Hili la nguvu ya Google naliheshimu na ndilo linaloniuma kichwa. Lkn ukurasa wa milango ndani ya websaiti ya malazi bado unatakiwa uwe na maneno yake na picha zake na watu wa kuutaja, mtu anayetafuta mlango wa nakshi hatafurahi kwa sababu tu nyumba inasifiwa kwa mapishi. Akija akaondoka sekunde hiyohiyo hatujapata kitu.

Fundi wa Mokowe

Nimetengeneza na kuhamisha websaiti kadhaa za watu wa hoteli na maduka huku bara na visiwani, nitoe upande wa kiufundi maana watu huamua kuunganisha jioni wakaunganisha usiku na asubuhi hakuna simu inayolia.

Ukiamua kuunganisha, kwanza andika orodha ya kila ukurasa wa websaiti inayokufa, kila anwani. Mbele ya kila anwani andika ukurasa mpya utakaochukua nafasi yake. Alafu weka redirekti ya kudumu, ile ya 301, yaani agizo la kumpeleka mtu moja kwa moja kutoka ukurasa wa zamani kwenda mwenzake. Ukurasa wa Takwa uende kwenye Takwa, wa bei uende kwenye bei. Wengi hufanya mkato, anwani zote za zamani zinatupwa kwenye ukurasa wa mbele wa websaiti mpya, na Google huzihesabu nyingi kama kurasa zilizopotea tu, nguvu uliyotaka kuihamisha unaiacha njiani. 302 ni ya muda, ni ya ukarabati, usiitumie kuhama.

Pili, domeini ya zamani usiiache. Google wenyewe wanashauri redirekti zikae muda mrefu uwezavyo, kwa kawaida mwaka mmoja na zaidi. Mimi nasema lipa miaka na miaka, .co.ke si ghali ukilinganisha na unachokilinda, ukiiacha ikaisha anaichukua mtu mwingine na linki zote za blogu zinampeleka mgeni wako kwake. Kuna watu wanangoja majina kama hayo yadondoke.

Tatu, imeili. Hii ndiyo inayowaua watu. Kama una imeili yenye jina la ile domeini, ukihamisha hostingi bila kuhamisha rekodi za imeili barua zinakatika kimya kimya, mgeni ameandika mara tatu anaona mmemdharau. Hakikisha rekodi za MX, zile zinazoonyesha barua za domeini ziende wapi, kabla hujagusa chochote, alafu jitumie barua kutoka nje uone imefika.

Na nne, mambo ya kunakili. Watu huchukua maelezo yaleyale ya Lamu, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, punda, ngome, wanayabandika kwenye websaiti zote tatu. Google haikutozi faini kwa hilo lkn itachagua moja tu ya kuonyesha, hizo mbili zinakaa kivulini. Ukitenganisha uwe na cha kusema kila mahali, la sivyo usitenganishe.

Bi wa Shela

Ahsante baba kwa maelezo, nimeyaandika. Mimi naomba msaada kwenye langu linalofanana. Nina nyumba mbili za kukodisha Shela, moja ya familia kubwa moja ya watu wawili, na kila moja ina jina lake na websaiti yake kwa sababu aliyenitengenezea alisema nikiwa na nyingi ntaonekana mara nyingi Google. Na Ijumaa na Jumamosi nafundisha wageni kupika, biriani, mahamri, samaki wa kupaka, nayo kijana wangu anataka kuifungulia ya tatu. Niunganishe? Naogopa riviu zangu, maoni ya wageni, zitapotea, nimezitafuta kwa jasho.

Fundi wa Mokowe

Bi mkubwa shikamoo. Riviu usiwe na wasiwasi, zile za Google zinakaa kwenye wasifu wa biashara kule kwenye ramani, hazikai kwenye websaiti. Na za Booking.com au Airbnb ziko kwao. Ukihamisha websaiti ingia kwenye wasifu ubadilishe linki tu, wasifu wenyewe usiufute na usifungue mpya.

Hizo nyumba mbili mimi ningeziunganisha leo. Mtu anayetafuta nyumba Shela ni huyohuyo, hajui kama anataka kubwa au ndogo mpaka aone bei, na moja ikijaa unamwonyesha ya pili papo hapo. Kutengeneza websaiti nyingi zinazofanana ili kujaza matokeo ya Google ni jambo wanalolikataza kwenye kanuni zao, na hata wasingekataza halina faida, unajigawia wageni wako mwenyewe. Mapishi ni ukurasa ndani ya hiyohiyo. Usimfungulie kijana ya tatu.

Nahodha wa Zamani

Salaam kwenu. Mimi ni mtu wa bahari, mambo ya mitandao nayaona kwa wajukuu, lakini hii ya mashua niruhusuni niseme maana mleta uzi ameipita haraka.

Umesema mgeni wa nyumba na mgeni wa mashua ni mmoja. Hapa mui wetu si hivyo. Muulize huyo mwana wa ami yako wageni wake watoka wapi. Atakwambia wengi waletwa na nyumba nyingine, mwenye nyumba wa Langoni ampigia, wa Shela ampigia, bawabu wa mahali fulani amuandikia, maana nahodha hula kwa kuaminiwa na nyumba nyingi. Sasa wewe uichukue mashua uiweke ndani ya jina la nyumba ya babake. Mwenye nyumba wa Shela atampa mgeni wake ile anwani? Ampe mgeni afungue aone vyumba vizuri kuliko vyake na bei? Hatampa. Atatafuta nahodha mwingine. Na mgeni anayelala kwingine akiona mashua iko ndani ya nyumba fulani atadhani ni ya wageni wa nyumba ile tu.

La pili. Takwa yategemea maji, hupiti ule mkono wa mikoko mpaka maji yajae. Kwa hivyo saa za kuondoka zabadilika kila siku, na kusi likivuma kuna siku hutoki kabisa. Nyumba haina mambo hayo, chumba ni chumba. Bukingi ya chumba na ya mashua ukizifunga pamoja mgeni achagua saa mwenyewe alafu afika jetini maji yametoka. Ule ukurasa wa mashua lazima uwe na mwenyewe anayejua maji, naye aseme sisi tutakwambia saa.

La tatu nalisema kwa heshima, Mungu ampe ami yako umri na afya. Nyumba ni yake. Mashua ni ya mwanawe kwa jasho lake. Siku ya mirathi nyumba ina warithi wengi, dada zao pia wana haki yao. Jina la mashua, namba zake, wateja wake, viko ndani ya kitu cha marehemu. Mtaanza kuulizana kipi cha nani. Nimeona watu wakigombania boya, seuze jina.

Mtoto wa Mkomani (mleta uzi)

Nahodha shikamoo, na Allah akulipe. Hii ya nyumba nyingine inabadilisha hesabu yote na nimetoka kumuuliza mwenyewe sasa hivi. Kasema wazi, wanaotoka nyumbani kwa babake ni wachache, kazi analetewa na nyumba za watu na waongozaji wageni wa pale uwanjani Mkunguni. Na akasema tayari kuna mwenye nyumba alimuuliza kama anafanyia babake kazi.

Kipimo changu hakijabadilika ila nimekipima kwa kitu kamili zaidi: mteja ni nani na anakuja kwa mkono wa nani. Kwa mashua anakuja kwa mkono wa washindani wa nyumba. Basi mashua ibaki na jina lake, ukurasa mmoja tu mzuri, picha mpya, safari na bei, na maneno ya wazi kwamba saa zinafuata maji. Websaiti ya nyumba itabaki na kuvusha mgeni kutoka uwanja wa ndege, hiyo ni sehemu ya kumpokea, na kwa safari nyingine linki.

La mirathi sikulitaja mimi kwa sababu ni zito kulileta mbele ya mzee, lkn umeliweka kwa adabu na nitalifikisha kwa njia ya domeini, kila moja iandikwe kwa mwenyewe.

Langoni Juu

Sasa mmerudi kwenye websaiti tatu tena na gharama za ami ziko palepale. Mzee alilalamikia gharama, hilo hamjamjibu.

Fundi wa Mokowe

Tumjibu basi. Majina kuwa matatu hakulazimishi hostingi tatu. Akaunti nyingi za hostingi zinakubali domeini zaidi ya moja, unalipa akaunti moja, ndani yake folda tatu, websaiti tatu. Cheti cha usalama kile cha kufuli kipo cha bure cha Let's Encrypt. Ukitumia WordPress, ile programu ya kujengea websaiti, unaweza hata kuziweka tatu chini ya uendeshaji mmoja, lkn hapo mimi nasita, plagini (kiongezo) moja ikivurugika zote zinalala siku moja. Kwa websaiti ndogo kama hizi ziweke mbalimbali ndani ya akaunti moja, na ya mashua hata haihitaji WordPress, ukurasa mmoja wa kawaida unatosha na unafunguka haraka kwenye simu yenye mtandao dhaifu. Domeini zote zihamishiwe kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayokusajilia majina, na tarehe za kulipia zisogezwe mwezi mmoja, mwezi wa pili kwa mfano, pesa ya msimu bado iko.

Gharama inayobaki ni majina mawili zaidi kwa mwaka. Hiyo mzee hatailalamikia akiona hesabu kwenye karatasi.

Wa Malindi

Nimewasoma tangu juu, nachangia kutoka huku maana yalitupata. Sisi tulikuwa na mgahawa na nyumba za kukodisha, mgahawa unaliwa na kila mtu, wenyeji wa Malindi, watu wa Nairobi wikiendi, na nyumba wateja wake karibu wote ni Waitaliano. Tukaziweka pamoja, jina moja. Ikawa mtu wa Nairobi anafungua kutafuta menyu anakutana na Kiitaliano na picha za bwawa, anadhani mgahawa ni wa wanaolala humo tu. Meza za mchana zilipungua mpaka tukaanza kuuliza watu ndo tukaambiwa.

Alafu mwenzetu mmoja wa hisa akatoka. Hapo ndo tuligundua domeini imeandikwa jina la aliyetutengenezea, si la mgahawa wala la nyumba. Huyo jamaa hakuwa anapokea simu. Ilibidi tuanze jina jipya, tubadilishe vibao, menyu, stika za milangoni, kila kitu. Kwa hivyo ndugu yangu kabla hata ya kuamua kuunganisha au kutenganisha, tafuta kila domeini imesajiliwa kwa nani. Kwa majina ya .ke unaweza kuanza kutazama kwenye WHOIS, daftari la majina la KeNIC wanaosimamia .ke, na mwambie msajili wako akuonyeshe jina la mmiliki na imeili iliyowekwa. Imeili ndiyo ufunguo, paswedi inarudishwa kupitia hapo.

Swali langu kwenu: mwingine ananishauri ya Kiitaliano iwe websaiti mbali na ya Kiingereza. Mnaonaje?

Fundi wa Mokowe

Hapana, hapo unganisha. Nyumba ni zilezile, bei zilezile, kinachobadilika ni lugha. Websaiti moja, folda ya Kiitaliano na folda ya Kiingereza, na kila ukurasa uwekewe alama ya hreflang inayoiambia Google huu ni mwenzake wa lugha ile. Ukizitenganisha ukipandisha bei upande mmoja utasahau mwingine na mgeni atakuonyesha ile ya chini. Na tafsiri ifanywe na mtu anayekijua Kiitaliano, huko kwenu hawakosi.

Mtoto wa Mkomani (mleta uzi)

Wa Malindi pole na yaliyowapata, nimeshatazama zetu baada ya kusoma hapa. Mbili ziko sawa, ya karakana imeandikwa jina la binamu aliyeko Dubai, ni mtu wa nyumbani na kasema leo atatuma ruhusa, lkn fikiria angekuwa mtu baki.

Kuna jambo jingine nataka lieleweke maana ami alisema tukiunganisha angalau fomu na namba ziwe pamoja, ujumbe wote uingie sehemu moja, kila mtu achukue wake. Nimemkatalia kwa heshima, na sababu ni mbili. Moja ni ile ya mlango uliojibiwa kofia na maji. Ya pili, mgeni wa nyumba anatupa namba yake na nakala ya pasi kwa ajili ya kulala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituruhusu kuchukua namba hiyo tukaanza kumtumia matangazo ya vitanda bila yeye kukubali. Ukiwa na kikapu kimoja lazima siku moja kijana atawatumia wote. Kila biashara na namba yake, na till yake ya M-Pesa, pesa ya mlango isiingie kwenye hesabu ya vyumba alafu mwisho wa mwezi ndugu wawili wakae kuchambua.

Langoni Juu

Sawa, nakubali ya mashua na nakubali ya namba. Kwenye karakana bado naona mnampa seremala mzigo asiouweza, kuchonga anachonga lkn kuandika haandiki. Websaiti yake itakufa tena.

Mtoto wa Mkomani (mleta uzi)

Hiyo ni haki na ndiyo hofu yangu. Nimekaa naye karakanani jana alasiri tukakubaliana hivi. Yeye haandiki, anapiga picha. Kila mlango unaotoka apige wakati mbao bado nyeupe, wakati wa kuchora nakshi kwa penseli, wakati wa kuchonga, na ukiwa umesimama kwenye fremu yake. Anituletee na vipimo na aina ya mbao, basi. Mimi ntaweka. Hapohapo alinionyesha mfaa aliokuwa anauchonga, mchoro wa maua ya yungiyungi umepanda kutoka chini mpaka juu na hakuna ua lililorudiwa sawasawa, kila moja limegeuka kidogo, na kwenye websaiti ya sasa kitu hicho hakionekani kabisa, picha zote ni za mlango mzima kutoka mbali. Msanifu wa Nairobi akiuona mfaa ule kwa karibu hatauliza kwa nini bei iko hivyo. Bei zenyewe tunaziondoa, tunaweka bei ya kuanzia na muda, maana kila mlango ni wake.

Na ikiwa mwaka utapita hajaleta picha, basi Langoni Juu utakuwa umesema kweli na tutaihamishia ndani ya ya nyumba kama ukurasa, kwa redirekti za 301 kama Fundi alivyoeleza. Domeini haitaachwa. Hilo nimemwambia na amekubali.

Nahodha wa Zamani

Hiyo ya mwaka ni sawa, mtu apewe msimu wake. Na mashua mpige picha tanga likiwa juu limeshika upepo, si imefungwa jetini.

Bi wa Shela

Mimi nimeshaamua, nyumba mbili na mapishi viwe pamoja. Nilikuwa nataka kutumia jina la nyumba kubwa maana ndiyo inayojulikana, ila wa nyumba ndogo wataona wamefika pasipo pao?

Fundi wa Mokowe

Tumia hilohilo la kubwa mama, lina linki nyingi na umri. Ukurasa wa nyumba ndogo uubakishie jina lake juu kabisa, na picha ya kwanza iwe ileile waliyoizoea, ili anayeletwa na redirekti aone amefika. Kibao cha mlangoni usikibadilishe. Anza na orodha ya kurasa zote za ile ndogo, usiniruke hapo.

Bi wa Shela

Sitaruka. Nakaa nayo leo baada ya isha na mjukuu wangu, tukiimaliza naibandika humuhumu, mnitazamie ipi iende wapi kabla sijamwita mtu kugusa chochote.